Noto, Mji Uliohama: Majumba na Makanisa ya Baroko Baina ya Uso na Kiini



1.0 Utangulizi

Naanza kwa kukiri kwamba mada ya mhadhara huu yaweza kumshangaza msikilizaji. Katika kumbi za taaluma za Kiswahili tumezoea kusikia habari za Lamu, Kilwa, Mombasa na Unguja. Leo nakuombeni tusafiri hadi kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sisilia, nchini Italia, katika mji mdogo uitwao Noto, ambao majumba na makanisa yake ya karne ya 18 yanahesabiwa miongoni mwa kazi bora za mtindo wa Baroko barani Ulaya. Ninazo sababu mbili za kuuchagua mji huo, moja ya historia na nyingine ya lugha.

Sababu ya historia ni hii. Kila mtafiti wa uwambao wetu hulikuta mapema jina la al-Idrisi, mwanajiografia ambaye kitabu chake kilichokamilika mwaka 1154 kinataja Malindi na Mombasa katika nchi ya Zanji. Mara nyingi tunalinukuu jina hilo bila kujiuliza mwanazuoni huyo aliandikia wapi. Aliandikia Palermo, katika kasri la Mfalme Roger II wa Sisilia, mtawala Mkristo aliyewaweka wanazuoni wa Kiislamu karibu naye. Kitabu hichohicho kinachozitaja bandari zetu kinaitaja pia Noto miongoni mwa miji ya Sisilia. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya Noto hatuendi mahali pasipotuhusu kabisa. Tunafungua ukurasa mwingine wa kitabu tulichokwisha kukizoea.

Sababu ya lugha ni kwamba ufundi wa ujenzi ni uwanja mmojawapo ambamo Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno, lakini hazina hiyo haitumiwi ipasavyo. Tunapotaka kueleza jengo la kigeni tunakimbilia maneno ya kukopa, ilhali waashi wetu walikwisha kuyapa majina mambo mengi tunayoyatafutia majina. Mhadhara huu, basi, ni jaribio pia: nitajaribu kuusimulia mji wa Baroko kwa Kiswahili cha waashi na mafundi.

Hoja yangu kuu ni kwamba jengo lina uso na lina kiini, na kwamba mwanahistoria anayesoma uso peke yake husoma nusu ya waraka. Noto ni mahali panapolithibitisha jambo hili kwa namna ya kusikitisha na, hatimaye, ya kutia moyo.

2.0 Suala la istilahi

Neno Baroko lenyewe lina historia inayotugusa. Wengi wa wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lililotumiwa na wafanya biashara ya vito kuitaja lulu isiyo duara, yaani lulu yenye uvimbe na mabonde. Lilipoanza kutumiwa kwa sanaa lilikuwa tusi: wapenzi wa mistari iliyonyooka ya Kigiriki na Kirumi waliona kwamba majengo ya karne ya 17 na 18 yalikuwa yamepinda, yamejaa mapambo na yamepotoka. Baadaye tusi likageuka kuwa jina la heshima.

Sifa za mtindo huo zinaelezeka kwa Kiswahili bila taabu kubwa. Ukuta wa mbele wa jengo tutauita uso, nao katika Baroko hupenda kubinuka kuelekea nje kama kifua, au kubonyea kuelekea ndani kama kiganja. Nguzo huwekwa katika matabaka, moja juu ya nyingine, na kila nguzo ina kichwa kilichochongwa majani. Juu ya sehemu takatifu hukaa kuba. Ukumbi wa kanisa huwa na sehemu ya kati na kumbi mbili za pembeni, zikitenganishwa na safu za nguzo. Nje ya dirisha la ghorofani hutokeza roshani. Neno hili la mwisho, lenye asili ya Kiajemi na lililotufikia kupitia Kiarabu, litatufaa sana leo, kwani pengine hakuna mji wa Italia unaojulikana kwa roshani zake kuliko Noto.

Wala tusidhani kwamba maneno yaliyosafiri yalikuja kwetu peke yetu. Kiarabu kilichotupatia sukari na zafarani ndicho kilichowapatia Wataliano zucchero na zafferano. Sisilia ilikuwa mlango mmoja muhimu wa safari hiyo.

3.0 Mji wa kale na tetemeko la mwaka 1693

Noto tunayoiona leo sio Noto ya asili. Mji wa kale ulikaa juu ya mlima uitwao Alveria, takriban kilomita 8 kutoka mji wa sasa, juu ya uwanda uliozungukwa na magenge na mabonde marefu. Ilikuwa ngome ya kimaumbile. Majeshi ya Waislamu yaliyoingia Sisilia mwaka 827 yaliuteka mji huo mwaka 864, na katika zama zao ukapata cheo kikubwa hata ukaipa jina lake theluthi nzima ya kisiwa, yaani Val di Noto. Wanormani walipokuja kukitwaa kisiwa, Noto ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho ya Waislamu kusalimu amri, mwaka 1091. Katika karne zilizofuata mji ulijaa makanisa, nyumba za watawa na makao ya makabaila.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Januari 1693, ardhi ilitikisika. Nyumba zilipata nyufa na baadhi ya watu wakatoka nje. Jumapili, tarehe 11 Januari, mchana, likaja tetemeko la pili, miongoni mwa makubwa kabisa yanayojulikana katika historia ya Italia. Miji na vijiji vingi vya kusini-mashariki mwa Sisilia viliangamia. Idadi ya waliokufa katika eneo zima hukadiriwa kuwa watu 60,000 hivi, na mji wa Catania peke yake ulipoteza takriban theluthi mbili za wakazi wake. Noto ya mlimani ikawa kifusi kitupu.

Wakati huo Sisilia ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, naye aliwakilishwa kisiwani na makamu wake. Makamu huyo alimpa Giuseppe Lanza, Duke wa Camastra, mamlaka ya kusimamia uokozi na ujenzi mpya. Duke wa Camastra alikuwa mtu wa vitendo, akisaidiwa na mhandisi wa kijeshi Carlos de Grunenbergh. Swali lililowakabili lilikuwa lilelile linalowakabili watawala baada ya kila maafa: je, mji ujengwe pale ulipoanguka, au uhamishwe?

4.0 Mzozo wa kuhama

Hapa ndipo palipo na kisa ambacho vitabu vya watalii hukipita upesi. Viongozi waliamua mapema kwamba mji uhamishiwe kwenye mteremko ulio karibu zaidi na bahari, mahali palipoitwa Meti. Hoja zao zilikuwa na uzito. Mlima Alveria ulikuwa mgumu kufikika. Njia zake zilikuwa nyembamba na zenye kupindapinda. Zama za kujificha nyuma ya magenge zilikuwa zimekwisha kwa kuja kwa mizinga. Mteremko mpya uliruhusu barabara pana na zilizonyooka, viwanja ambamo watu wangeweza kukimbilia ardhi itikisikapo tena, na usafirishaji rahisi wa mazao.

Lakini mji sio mawe tu. Watu wengi, hususan wale wasio na mali, hawakutaka kuondoka. Makaburi ya wazee wao yalikuwa mlimani. Mawe ya nyumba zao, ambayo wangeweza kuyatumia tena, yalikuwa mlimani. Maji, mashamba na mipaka waliyoijua ilikuwa huko. Kuhama kulimaanisha kuanza upya bila mtaji, na kwa maskini hilo ni jambo zito kuliko tetemeko lenyewe. Mzozo uliendelea kwa miaka mingi. Baadhi waliishi katika mabanda kwenye mteremko mpya, wengine wakarudi kwenye magofu. Malalamiko yakaandikwa, wananchi wakaulizwa rai yao, uamuzi ukatenguliwa na kurejeshwa. Hata hivyo, wenye mamlaka, wakiwemo makabaila walioona faida ya mahali papya, walikwisha kuanza kujenga. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa dhahiri kwamba Noto haitarudi mlimani.

Mtafiti Stephen Tobriner, katika kitabu chake kuhusu chimbuko la Noto kilichotoka mwaka 1982, alitumia nyaraka za kumbukumbu kuonyesha jinsi mvutano huo ulivyokuwa mrefu na mgumu. Kazi yake ilibadilisha namna ya kuuangalia mji huo. Kabla yake ilikuwa rahisi kudhani kwamba mji wenye mpangilio mzuri namna ile ulitokana na fikra ya bwana mmoja aliyechora na wengine wakatii. Sasa tunajua kwamba uzuri wa Noto ulizaliwa ndani ya ugomvi, na kwamba walioshindwa katika ugomvi huo ndio, kwa sehemu kubwa, waliobeba mawe.

5.0 Kuusoma mji mpya

5.1 Barabara na viwanja

Wanaotajwa sana kuhusika na ramani ya mji mpya ni Giovanni Battista Landolina, kabaila wa Noto yenyewe, na Angelo Italia, msanifu wa shirika la Wajesuiti. Ramani hiyo ina sehemu mbili. Juu, kwenye uwanda wa Pianazzo, kuna mitaa ya miraba isiyo na makeke, ambamo wengi wa watu wa kawaida walipata makazi. Chini, kwenye mteremko, kuna barabara ndefu zinazokwenda sambamba kutoka mashariki hadi magharibi, na hapo ndipo makanisa na majumba makubwa yalipojipanga.

Barabara kuu, ambayo siku hizi huitwa Corso Vittorio Emanuele, inapitia viwanja vitatu, na kila kiwanja kina kanisa lake. Mwelekeo wa barabara hiyo una faida yake. Jua huzifuata nyuso za majengo toka asubuhi hadi machweo, na jiwe la Noto, ambalo ni chokaa ya asili yenye rangi ya asali, hubadilika kutoka weupe hadi dhahabu na hatimaye wekundu hafifu. Jiwe hilo ni laini linapochimbwa, hukubali patasi kwa urahisi, kisha hukazana likikaa hewani. Fundi wa matumbawe wa uwambao wetu angelielewa mara moja, kwani naye hulichonga tumbawe lingali bichi. Ulaini huo ndio uliomwezesha mchongaji wa Noto kufanya mambo ambayo mwenziwe mwenye jiwe gumu asingeyathubutu.

Anayeingia mjini kutoka mashariki hupita chini ya Porta Reale, lango lililojengwa mwaka 1838 kwa ajili ya ziara ya Mfalme Ferdinand II. Juu yake wamechongwa mwari, mbwa na mnara: alama za kujitolea, uaminifu na nguvu. Lango hilo ni la baada ya zama za Baroko, lakini linatukumbusha kwamba mji huu ulijengwa tangu awali ili utazamwe na mgeni anayekuja.

5.2 Makanisa

Jina linalotawala usanifu wa Noto ni la Rosario Gagliardi, aliyefariki mwaka 1762. Kwake yeye uso wa kanisa ulikuwa kitu chenye uhai. Kanisa la San Domenico, alilowajengea watawa Wadominiko, lina uso uliobinuka kiasi kwamba jengo linaonekana kama linavuta pumzi. Katika kanisa la Santa Chiara aliuweka ujasiri wake ndani: ukumbi una umbo la yai, na nguzo zinauzunguka hata mwenye kuingia hajui pembe iko wapi. Kanisa hilo lina funzo jingine. Katika karne ya 19 barabara kuu ilichimbwa ikashushwa, na mlango wa asili wa Santa Chiara ukabaki ukining'inia juu ya vichwa vya wapita njia, ukazibwa. Mji haukuacha kubadilika mara wasanifu wake walipokufa.

Karibu na hapo, kanisa la San Carlo, lililokuwa la Wajesuiti, linafanya kinyume cha San Domenico: uso wake wa matabaka matatu umebonyea, unamkaribisha mtu kama mikono iliyofunguliwa. Anayetembea kutoka kanisa moja hadi jingine huhisi mawe yakisogea na kurudi, na mchana vivuli vinatembea pamoja naye.

Huko juu Pianazzo, Gagliardi alijenga pia kanisa la Santissimo Crocifisso. Ndani yake mna sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa na Francesco Laurana mwaka 1471, na simba wa mawe wa kale zaidi, vyote vikiwa vimeletwa kutoka mji wa mlimani. Sio bahati tu kwamba hazina hizo ziko katika mtaa wa watu wa kawaida. Waliolazimishwa kuhama walihama na kumbukumbu zao, wakaziweka karibu nao.

Kilele cha mji ni kanisa kuu la San Nicolò. Linakaa juu ya ngazi pana za mawe, na mbele yake, upande wa pili wa kiwanja, liko Palazzo Ducezio, jumba la serikali ya mji, kazi ya Vincenzo Sinatra iliyoanza mwaka 1746. Sinatra alianza kazi kama mchonga mawe, akawa mwanafunzi na msaidizi wa Gagliardi, kisha akawa msanifu kwa haki yake mwenyewe. Jumba lake lina safu ya matao inayozunguka kwa upole. Ghorofa ya juu iliongezwa katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo kanisa na serikali vinatazamana, kanisa likiwa juu na serikali ikiwa chini, na raia wamekaa katikati kwenye ngazi. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya utaratibu wa jamii ya Sisilia katika karne ya 18.

5.3 Majumba

Kutoka barabara kuu hupanda mtaa mfupi wa Corrado Nicolaci, ukiishia kwenye uso uliobonyea wa kanisa la Montevergine. Kushoto kwa anayepanda ndipo lilipo jumba la ukoo wa Nicolaci, wakuu wa Villadorata, lenye vyumba vipatavyo 90. Ukuta wake ni mtulivu, lakini roshani zake hazina utulivu hata kidogo. Kila roshani imebebwa na safu ya mawe yaliyotokeza ukutani, na kila jiwe limechongwa kiumbe: simba, farasi wenye mabawa, nguva, watoto wanene, na nyuso za watu waliokunja midomo kana kwamba mzigo umewaelemea. Juu yake vyuma vya kuzuia vimetuna kama tumbo la mtungi.

Mtazamaji hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini tujiulize: roshani hizi zilisema nini kwa aliyepita chini yake mwaka 1765? Zilisema kwamba mwenye nyumba ana mali ya kutosha kulipa wachongaji wa miezi mingi kwa kitu kisichozuia mvua wala kuhifadhi nafaka. Zilisema kwamba hata viumbe wa hadithi humbebea mzigo. Mali hiyo ilitoka mashambani, kwa wakulima waliolima ardhi isiyo yao. Kwa msomaji wa jamii, nyuso zile zilizokunja midomo chini ya roshani sio mzaha mtupu.

Watawa wa kike nao, ambao wengi wao walikuwa mabinti wa makabaila haohao, walikuwa na namna yao ya kuutazama mji. Katika nyumba ya watawa ya San Salvatore madirisha yalifunikwa kwa vyuma vilivyotuna, ili waone maandamano ya sikukuu pasipo wao kuonekana. Hivyo basi, barabara ya Noto ilikuwa jukwaa lenye watazamaji wa ngazi tatu: kabaila kwenye roshani, mtawa nyuma ya vyuma, na raia wa kawaida chini ya jua.

6.0 Usiku wa tarehe 13 Machi 1996

Mpaka hapa tumesoma uso. Kiini cha Noto kilijifunua usiku wa tarehe 13 Machi 1996, wakati kuba la kanisa kuu lilipoanguka, likachukua pamoja nalo paa la ukumbi wa kati na la ukumbi mmoja wa pembeni. Kanisa lilikuwa tupu, hakuna aliyekufa. Asubuhi watu wa mji waliziona ngazi zao na uso wa kanisa lao vimesimama kama kawaida, na nyuma yake kuna anga.

Wahandisi walipochunguza kifusi, walikuta maelezo yaliyokuwa yamefichwa kwa zaidi ya karne mbili. Nguzo kubwa za kanisa hilo, lililokamilika mwaka 1776, zilionekana kama mawe imara yaliyochongwa. Kumbe mawe hayo yalikuwa ganda tu. Ndani mlikuwa na kifusi, vikiwemo vijiwe vya mviringo vya mtoni, vilivyoshikwa kwa chokaa dhaifu. Kijiwe cha mviringo hakishikamani na mwenziwe. Uzito ukizidi, huteleza. Juu ya nguzo hizo kuba lilikuwa limekwisha kuanguka na kujengwa upya katika karne ya 19 baada ya tetemeko jingine. Katika miaka ya 1950 paa la awali liliondolewa na mahali pake likawekwa la zege, lililokuwa zito zaidi. Kisha, tarehe 13 Desemba 1990, tetemeko lilizipasua nguzo. Nyufa zilionekana na hatua za tahadhari zikachukuliwa, lakini tiba ya kweli haikuja. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Noto walijenga kanisa.

Tusiharakishe kuwahukumu waashi wa karne ya 18. Walikuwa wakijenga mji mzima kwa mara moja: makanisa, majumba, nyumba za watawa na makazi ya watu, vyote vikigombea mawe, chokaa, mikono na fedha zilezile. Katika hali hiyo mtu hutumia jiwe jema pale linapoonekana, na kifusi pale pasipoonekana. Huo ndio ukweli wa kijamii uliomo ndani ya nguzo. Mji ulioharakishwa kusimama ili kuthibitisha kwamba uamuzi wa kuhama ulikuwa sahihi, ulikuwa na nguvu nyingi za kujionyesha kuliko za kujishikilia.

Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya muongo mmoja. Ungeweza kufanywa kwa zege na chuma, kwa muda mfupi zaidi, ukafichwa nyuma ya uso wa dhahabu. Walioongoza kazi hiyo, wahandisi Roberto De Benedictis na Salvatore Tringali, waliamua vingine: nguzo zilijengwa upya kwa jiwe la eneo hilo na kwa chokaa, kwa kufuata ufundi wa kale, ila safari hii jiwe jema likaingia hadi ndani. Mafundi ilibidi wajifunze tena kazi ambayo zege ilikuwa imewasahaulisha. Kanisa lilifunguliwa tena mwezi Juni 2007. Kwa mtazamaji, nguzo zile zinafanana na zile za zamani. Tofauti iko mahali ambapo jicho halifiki.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2002, UNESCO iliiingiza Noto pamoja na miji mingine saba ya Val di Noto katika orodha ya urithi wa dunia: Caltagirone, Catania, Militello, Modica, Palazzolo Acreide, Ragusa na Scicli. Hivyo mji uliingia katika orodha hiyo ukiwa na kanisa kuu lisilo na kuba.

7.0 Funzo kwa watafiti wetu

Yapo mambo matatu ambayo mtafiti wa lugha na utamaduni anaweza kuyachukua kutoka Noto.

La kwanza ni la mbinu. Tunapolisoma jengo kama tunavyousoma utenzi, tusiishie kwenye nakshi. Tuulize nani alilipa, nani alibeba, nani alikataa, na ukuta umejazwa nini. Uso wa jengo ni kauli ya mwenye nyumba. Kiini chake ni ushahidi wa fundi na wa wakati wake. Viwili hivi vinaweza kupingana, na pale vinapopingana ndipo historia inapoanza kusema.

La pili ni la lugha. Natumaini mmeona kwamba nimeweza kuusimulia mji mzima wa Baroko kwa nguzo, kuba, tao, roshani, nakshi, chokaa na kifusi. Maneno hayo hayakutoka katika kamati ya istilahi. Yalitoka kwa waashi. Lakini waashi wanaoyajua maneno ya kazi ya chokaa wanapungua, na kila mzee wa fani hiyo anapofariki, sehemu ya kamusi hufariki naye. Noto ililazimika kuutafuta upya ufundi wa kale baada ya kuba kuanguka. Sisi bado tunayo nafasi ya kuukusanya kabla.

La tatu ni la matunzo, nami sina budi kulisema hapa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha hiyohiyo ya urithi wa dunia mwaka 2000, miaka miwili kabla ya Noto. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka wakati ikikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Sababu za kila jengo ni zake, na sitaki kulinganisha visivyolingana. Ninachosema ni kwamba cheti cha urithi hakibebi paa. Kinachobeba paa ni nguzo, na nguzo huhitaji mtu wa kuichunguza mara kwa mara, mwenye elimu ya kuelewa anachokiona na mwenye mamlaka ya kusikilizwa.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilianza na al-Idrisi, ambaye katika kitabu kimoja aliitaja ngome ya Noto na bandari za Zanji. Ngome aliyoijua haipo tena. Mlima Alveria leo una magofu na nyasi. Mji uliochukua jina lake ulijengwa kwa ugomvi, ukapambwa kwa fahari, ukaficha udhaifu wake ndani ya nguzo, ukaanguka katikati, kisha ukajirekebisha kwa subira. Watalii huenda kuuangalia mwanga wa jioni ukipiga roshani za Nicolaci, nao hawakosei. Mimi ningewaomba wanafunzi wangu, ikiwa siku moja watafika huko, wapande ngazi za San Nicolò, waingie ndani, wasimame karibu na nguzo mojawapo ya kulia na kuigusa. Uzuri wote wa nje umeegemea pale, juu ya mawe ambayo safari hii yamejengwa kwa uaminifu hadi ndani.